Kurudi Kwenye Mkeka wa Mama

Nyumbani kwa mama, huko Marui, Kisarawe, chakula huliwa chini. Mkeka hutandikwa ukumbini, sinia huwekwa katikati, na kila mtu hujisogeza upande wake. Mtoto hakai kitini wakati mama yake yuko mkekani. Sikumbuki kufundishwa hilo kwa maneno. Nilikua nikiliona, kama nilivyoona kwamba viatu huachwa mlangoni. Kwa hiyo siku mama alipoazima kiti cha plastiki kwa jirani, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake na kukisukuma upande wangu, nilielewa kwamba kuna mahali nimeondolewa.

Hakuniondoa yeye. Magoti ndiyo yaliyonitoa. Kushuka chini nilikuwa naweza bado, kwa maumivu. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Mara ya mwisho nilipokaa mkekani waliniinua watu wawili, mmoja kila kwapa, na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, akasema, "Jamani polepole, hilo gunia la korosho halijashonwa vizuri mdomoni." Watu walicheka, nami nikacheka, kwa sababu shangazi ana ruhusa hiyo. Mama hakucheka. Safari iliyofuata nikakikuta kiti.

Nilikikalia kwa karibu miaka miwili, kila nilipotoka Kibaha kwenda kumtazama. Nilikula na sahani yangu pajani, peke yangu, wenzangu wakiwa wamelizunguka sinia. Ukiwa juu unaona mambo ambayo ukiwa chini huyaoni. Niliona utosi wa mama na jinsi nywele zilivyopungua pale kwenye mstari wa katikati. Na niliona mkono wake. Mama anapokula kwenye sinia husukuma vipande vya samaki kwa ncha za vidole, bila kuangalia, kuelekea upande wa mtoto wake. Alinifanyia hivyo tangu utotoni, na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kula tu, sikuwahi kugundua. Sasa nilimwona akisukuma kipande hadi pale nilipozoea kukaa, ambapo hapakuwa na mtu, kisha akakumbuka. Alikichukua tena, akaninyooshea juu, mkono umekakamaa kama wa mtu anayempandishia mwenzake mzigo kwenye gari.

"Pokea, mama."

"Nimeshiba, mama."

Sikuwa nimeshiba. Nilishindwa tu kukipokea kutoka kule chini.

Hapo ndipo nilipoanza kutaka kupunguza uzito. Sikuwa nataka kiuno wala nguo fulani. Nilitaka kukaa chini na mama na kuinuka mwenyewe, wakati bado yupo wa kukaa naye.

Daktari niliyekwenda kumwona Kibaha alinikunja goti, akalikunjua, akanyanyua picha yangu ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa muda mrefu. Alisema goti bado halijafika pa kukatiwa tamaa, ila linabeba zaidi ya lilichoumbiwa. Nipunguze mwili, na nifanye mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, ambayo alinionyesha akiwa amekaa kwenye kiti chake, koti jeupe likipanda na kushuka.

"Itachukua muda gani, daktari?"

"Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Hakusema kwa kebehi. Alikuwa anauliza kweli, na mimi sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa mama yangu na umri wake.

Naishi Tangini, hapo hapo Kibaha, na kazi yangu ofisini ni kuandika mihtasari ya vikao. Nakaa pembeni ya meza, nasikiliza, naandika nani kasema nini na kikao kimeazimia nini. Ni kazi inayomfundisha mtu utaratibu, kwa hiyo nilianza kwa utaratibu. Asubuhi nilitembea kwenda ofisini badala ya kupanda bodaboda, kwa njia ya ndani, kabla jua halijawa kali. Ile chai ya saa nne, ambayo kwetu ofisini ni chapati, supu na soda juu yake, niliigeuza ikawa chai kavu na yai. Jioni nilijipakulia wali kwenye sahani ndogo ya kikombe, nikaongeza mboga. Kabla ya kulala, mazoezi ya paja ukingoni mwa kitanda.

Wenzangu ofisini walilijadili suala hilo mbele yangu kama vile sipo.

"Ana mtu huyo. Mwanamke hagusi chapati bure bure."

"Mtu gani? Ni daktari."

"Basi ndiye huyo huyo daktari."

"Muacheni. Mwezi hauishi, atarudi kwenye supu yake."

Mwezi uliisha, na uzito ulishuka vizuri. Nililijua hilo kwa sababu ya mzee mmoja wa makamo pale kituoni Kwa Mathias, anayekaa na mizani yake kando ya barabara kuu, katikati ya wauza matunda na wauza vifuniko vya simu. Unavua viatu, unapanda, anakusomea, unampa sarafu. Ni Mnyamwezi wa Tabora, na alipojua kwetu ni Kisarawe akafurahi, maana Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani ana haki ya kukwambia lolote.

"Mtani umeshuka," alisema mara ile ya kwanza uzito uliposhuka. "Lakini wanakuonea. Mzaramo kumnyima ubwabwa ni kumnyima haki yake ya kuzaliwa."

Baada ya hapo mizani iligoma. Sikubadilisha kitu. Nilitembea njia ile ile, sahani ikawa ile ile, lakini kila nilipopanda juu ya ile mizani mtani aliinama, akasoma, akainua uso na kusema neno moja kwa sauti ya kuimba: "Palepale." Mwanzoni nilidhani mizani yake mbovu, nikaenda kujipima kliniki. Muuguzi alisoma na kuandika bila kuniangalia. Ilikuwa palepale.

Nimewasikia watu wengi wakieleza jinsi walivyokata tamaa, na mara nyingi husimulia kana kwamba ni kitu kilichopiga kelele. Kwangu hakikupiga kelele. Ilikuwa jioni ya kawaida, nimeshuka Kwa Mathias, mvua imetoka kunyesha na lami inatoa mvuke. Nilipita kwenye kibanda cha chipsi, nikaagiza chipsi mayai, nikala nimesimama chini ya bati, polepole, mpaka zikaisha. Sikuona raha wala hatia. Niliona tu kwamba hili ni jambo jepesi kufanya, na kwamba naweza kulifanya kesho pia, na keshokutwa, na hakuna atakayejua tofauti, kwa kuwa mizani yenyewe haijui tofauti.

Kilichonirudisha barabarani asubuhi iliyofuata ni mazoea ya kazi, basi. Katika mihtasari yetu kuna sehemu inayoitwa yatokanayo, ambapo mambo ya kikao kilichopita huulizwa yamefikia wapi. Kuna mambo hukaa humo kikao baada ya kikao. Daraja, choo cha shule, kisima. Mwenyekiti anauliza, mhusika anajibu, nami naandika: utekelezaji unaendelea. Zamani niliamini hayo ni maneno ya kuficha uvivu, na mara nyingine ndivyo yalivyo. Lakini nimeona pia daraja lililokaa kwenye yatokanayo hadi nikachoka kuliandika, na siku moja nikapita juu yake. Kwa hiyo nilivaa raba zangu na kutoka. Nilipofika kwenye kona ya msikiti nilijisemea kimoyomoyo, utekelezaji unaendelea, nikaona ni upuuzi, na nikaendelea kutembea.

Niliacha kwenda kwa mtani kila wiki. Akiniona napita upande wa pili wa barabara, alininyooshea kidole kwenda kwenye mizani, nami nikatikisa kichwa.

Hivyo hakukuwa na mtu aliyeniambia nimepungua. Ofisini walishasahau. Kioo changu ni kidogo, kinaonyesha uso tu. Mtu wa kwanza kuona alikuwa mama.

Nilikuwa nimefika Marui, nimemwinamia kumwamkia, "Shikamoo mama," naye badala ya kuitikia akanishika kifundo cha mkono. Alikizungushia vidole vyake, dole gumba likakutana na kidole cha kati. Alivitazama vidole hivyo vilivyokutana.

"Marahaba," alisema baadaye. "Mkono umekwenda wapi?"

"Napunguza mwili, mama. Daktari kasema, kwa ajili ya magoti."

Aliuachia mkono wangu taratibu. Hakusema kitu tena kuhusu hilo siku nzima. Aliniwekea kiti, akanipakulia wali wa nazi na kisamvu, na nilipobakiza nusu akaifunika sahani kwa kawa na kukaa akiitazama. Mimi nilirudi Kibaha nimefurahi. Nilipita Kwa Mathias nikiwa nakishika kifundo changu mwenyewe ndani ya mfuko wa dera, nikikipima kwa vidole.

Wiki hiyo shangazi alipiga simu.

"We mtoto, unatumia dawa?"

"Dawa gani, shangazi?"

"Nauliza tu. Siku hizi dawa zipo, watu wanaishi. Mtu hajifichi tena."

"Siumwi, shangazi. Nafanya mazoezi."

"Haya," alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango kwa adabu. "Jumamosi ijayo uje. Kuna kisomo kwa mama yako."

"Kisomo cha nani?"

"Uje tu."

Nilidhani ni cha kumrehemu baba, kwa kuwa mama hufanya hivyo anapomwota. Nilifika asubuhi nikakuta wanaume wamekaa kwenye mikeka barazani na mwalimu wa madrasa, na huko nyuma ya nyumba sufuria la pilau liko juu ya mafiga. Ukumbini walikuwa wanawake, majirani na ndugu, wamejitanda. Kila niliyemwamkia alinishika mkono kidogo zaidi ya kawaida. Mmoja aliniambia pole. Nikamwitikia nimeshapoa, kwa kuwa ndivyo mtu anavyoitikia, na sikuuliza pole ya nini. Kiti changu kilikuwa mahali pake, karibu na mlango. Nilikaa.

Kisomo kilisomwa mpaka mwisho. Kisha mwalimu, kule nje, akaanza kuomba dua kwa Kiswahili ili watu wote waelewe na kuitikia amina. Aliwaombea waliotangulia. Aliiombea nyumba. Halafu akasema, "Na umponye mgonjwa wetu, binti wa nyumba hii aishiye Kibaha, umrudishie mwili wake, umwondolee anachokijua na anachotuficha."

"Amina," walisema wanawake.

Nami nilisema amina. Neno lilikuwa limeshatoka kabla sijaelewa kwamba binti wa nyumba hii aishiye Kibaha ni mimi, kwa kuwa hakuna mwingine.

Nimekaa kwenye vikao vingi na nimeona ajenda zikiingizwa bila mhusika kujulishwa. Najua uso wa mtu anayegundua katikati ya kikao kwamba anayezungumziwa ni yeye. Sasa niliuhisi kwa ndani. Nilitaka kusimama na kusema kwamba mimi mzima, kwamba nimetembea kwa miguu asubuhi baada ya asubuhi ili nifike hapa, na nyinyi mmenisomea. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka, mgongo ukutani, viganja bado viko juu ingawa dua ilishapita. Midomo yake ilikuwa inaendelea peke yake.

Hasira iliondoka. Nilijua anamwombea nani, na anamkumbuka nani.

Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu. Dada alikuwa mkubwa, na alikufa katika miaka ambayo ugonjwa ule ulinong'onwa tu. Mimi nilikuwa mbali, shule ya bweni, nikaitwa siku za mwisho. Mama ndiye aliyekuwa naye tangu mwanzo. Ndiye aliyemnywesha uji kwa kijiko, ndiye aliyemgeuza. Kuhusu mwanzo wenyewe hajawahi kunisimulia, nami sijawahi kuuliza.

Nilitaka kuzungumza naye bila wengine kusikia. Mtu hawezi kumnong'oneza mama yake akiwa juu ya kiti, na yeye ana sikio moja zito. Niliinuka, nikapita katikati ya magoti ya watu, nikaweka kiganja ukutani, nikashuka. Goti la kulia kwanza, kisha la kushoto, kisha nikajisogeza upande na kukunja miguu pembeni kama wenzangu. Sikuyawaza magoti. Nilikuwa nawaza nitakachosema.

"Mama. Siumwi."

Alikuwa anatazama mbele. "Sawa."

"Nakwambia kweli. Napunguza mwili."

Alishusha viganja vyake pajani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Dada yako naye aliniambia hivyo hivyo. Alikaa hapo hapo ulipo weye. Kasema, mama, napunguza mwili, mjini ndiyo mtindo. Mie nikamwambia mbona umependeza."

Nje walikuwa wanagawana sahani, kuna mtu aliuliza kachumbari iko wapi. Miezi yote ile nililalamika moyoni kwamba hakuna anayeona ninachofanya. Kumbe alikuwepo mmoja, na alikuwa akitazama mara ya pili kitu alichowahi kukisifu.

Maneno yote niliyokuwa nayo dada alishayatumia. Nikawa natazama chini, na chini kulikuwa na mkeka, na magoti yangu juu ya mkeka.

"Mama," nilisema. "Dada alipokuwa anapungua, alikuwa anaweza nini?"

Alinigeukia kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa hawezi kitu. Kila siku kitu kimoja kinamtoka. Leo maji hachoti. Kesho hasimami."

"Tazama nimekaa wapi."

Alitazama. Alitazama miguu yangu, kisha kiti kule mlangoni, kitupu, kisha miguu yangu tena. Aliweka mkono juu ya goti langu kama mtu anayegusa sufuria kuona kama limepoa.

"Nani kakushusha?"

"Nimeshuka mwenyewe."

Shangazi, ambaye muda wote alikuwa anajifanya anakunja ushungi, hakuweza kuvumilia. "Kushuka hata gunia linashuka. Kuinuka ndiyo kesi. Tuite vijana wa barazani au tungoje?"

"Ngojeni," nilimwambia.

Sinia likaja. Pilau, nyama juu, ndizi pembeni. Tulikuwa watano kulizunguka. Nilinawa, nikaanza upande wangu kwa matonge madogo, kama nilivyozoea sasa. Mama alikuwa anaongea na jirani yake kuhusu mihogo iliyochimbwa na nguruwe pori. Aliongea bila kunitazama, na vidole vyake vikasukuma kipande cha nyama juu ya wali, taratibu, mpaka kikasimama mbele yangu. Nilikila. Kikaja kingine, chenye mafuta. Nikakila nacho.

Baada ya kunawa nilijua wote wananingoja, ingawa kila mmoja alikuwa anaangalia kitu kingine. Niligeuka nikapiga magoti, nikaweka viganja viwili ukutani, nikatanguliza mguu wa kulia. Paja lilitetemeka. Mama alikuwa amenyoosha mkono, umebaki hewani karibu na mgongo wangu, haunigusi. Nilisikia goti likilia kama kijiti kinachovunjika. Nikasimama. Nilikuwa nahema na nimeloa jasho, na haikuwa kitu cha kupendeza kutazama.

"Alhamdulillahi," alisema shangazi, bila mzaha.

Mama alinisindikiza hadi mikoroshoni pale bodaboda zinapongoja. Alipokuwa ananikabidhi kifurushi cha nazi, akasema, "Basi punguza. Lakini uso uuache."

"Uso haupungui kwa kuchagua, mama."

"Uuache," alisema.

Sitaki kusema kwamba alitulia. Hadi leo nikimwinamia kumwamkia hushika kwanza kifundo cha mkono, na simu za shangazi kuhusu dawa hazijaisha. Na mimi niliporudi Kibaha nilivua viatu nikapanda kwenye mizani ya mtani, nikiwa na matumaini ambayo sikutaka ayaone. Aliinama, akasoma.

"Palepale, mtani. Ila leo umekula nyama."

"Umejuaje?"

"Unanukia pilau."

Asubuhi yake nilivaa raba.

Safari iliyofuata kwenda Marui sikukiona kiti mlangoni. Sikuuliza. Nilipokwenda uani kunawa nikakikuta kule nyuma, mama amekigeuza kuwa cha kuwekea ndoo ya maji, na kilikuwa kimeshaanza kushika ukungu wa kijani miguuni. Ukumbini mkeka ulikuwa umetandikwa. Niliweka kiganja ukutani. Goti liliuma, kama linavyouma bado. Nikashuka.